Kimya Baada ya Salamu

Mtu akiniambia kompyuta ina shetani, huwa namwomba anionyeshe pembe zake. Sina subira na mashetani wa mashine. Nimezaliwa Uvira, chini ya mlima ambao mvua ikikasirika unatuletea mawe hadi sebuleni. Nimekimbia vita nikiwa mgongoni mwa mama, nimekimbia kwa miguu yangu, nimekimbia na mtoto wa dada yangu mgongoni. Nikipata nafasi ya kuogopa, nitaogopa kitu cha maana. Kompyuta hufanya ilichoambiwa. Ikifanya vibaya, kuna mtu aliyeiambia vibaya, na maneno yake yako humo ndani, yanasomeka.

Miaka ile vita viliporudi tena bondeni kwetu, kando ya mto Ruzizi, nilikuwa fundi wa kompyuta katika redio ndogo ya mjini. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ziwa. Zamani tulikuwa na meza ya kuchanganyia sauti, nzuri, yenye vitufe vya rangi. Wenye bunduki waliichukua pamoja na viti na pazia. Pazia! Mpaka leo najiuliza pazia la kijani lilimfaa nini mwanajeshi. Tangu siku hiyo kila sauti ilipita kwenye kompyuta moja iliyokuwa chini ya dirisha: mikrofoni zote mbili, nyimbo za kwaya, habari, matangazo. Usipopita kwenye mashine ile, husikiki hewani.

Sauti zilishughulikiwa na kadi ya zamani tuliyopewa kama msaada, na kadi hiyo iliongozwa na programu ndogo ambayo sisi tuliosomea kwa Kifaransa tunaiita pilote. Aliyeiandika ni mtu wa mbali nisiyemjua, ambaye naona aliichoka akaiacha njiani. Pilote hiyo ilikaa ndani ya noyau, yaani kiini cha mfumo mzima, pale kumbukumbu ya mashine inapogawanywa. Noyau ina ghala la kurasa tupu. Anayetaka kuweka kitu anapewa ukurasa, akimaliza anaurudisha, na mwingine anapewa uleule. Kazi hiyo inafanyika mara nyingi kuliko kupepesa jicho, na kwa kawaida inafanyika bila ugomvi.

Kila mchana tulifungua mlango kwa watu waliotawanyika. Walikuja kutoka Luvungi, Nyakabere na Runingu, wengine walishuka kutoka milima ya juu, wote wakilala kwenye madarasa ya shule na kwenye makanisa. Waliingia wawili wawili. Mmoja aliketi kwenye mikrofoni ya kulia, mwingine ya kushoto, katikati tumening'iniza godoro ili sauti zisigongane. Kila mmoja alisema na ndugu zake popote walipo, tukarekodi, na jioni tukazirusha zote. Ng'ambo ya Ruzizi, kwenye kambi upande wa Burundi, watu walikuwa wakikusanyika kwenye redio moja kusikiliza kama kuna anayewatafuta.

Nilikuwa nimeanza kusikia vijambo. Kikohozi cha mzee kinatokea katikati ya maneno ya msichana. Mama anasema, kisha kidogo tu anasikika mwingine, kisha yeye tena. Mkurugenzi wetu, mwalimu mstaafu, mtu mwema asiyeamini kitu chochote chenye waya, alikuwa na jibu moja, umeme.

"Ni groupe. Courant inatetemeka."

"Papa Directeur, groupe ni jenereta tu. Haiwezi kuweka maneno ya muntu mu kinywa ya mwingine."

"Basi ni shetani."

Nimeshasema maoni yangu kuhusu shetani. Mimi na dada aliyekuwa akipokea wageni tulikaa kila mmoja kwenye mikrofoni yake tukahesabu moja mpaka mia, tukarudia, tukaimba, tukasoma zaburi. Mashine ilikuwa safi kama maji ya chujio. Nikabaki nimenuna, maana hakuna kinachoniudhi kama ugonjwa unaojificha daktari akifika.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia studio bila hodi. Alikuwa mkulima wa Runingu, amefunga kitenge mara mbili, na mgongoni ana mtoto wa kiume wa kama mwaka mmoja, ameshika kipande cha muhogo. Nilimtambua. Jana yake alikuwa amerekodi kwetu.

"Ni nani njo alisema mujukuu wangu alikufa?" aliuliza.

Mkurugenzi alisimama. Mama yule akaeleza, na sauti yake haikupanda hata mara moja, jambo lililonitia hofu zaidi. Siku ya risasi, binti yake alikuwa shambani upande wa mto. Nyumba zilipoanza kuungua, binti akakimbia na wengine akavuka Ruzizi, akijua mtoto wake yuko nyumbani, na nyumbani kunawaka. Bibi alikuwa ametoka na mtoto kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo binti alikuwa ng'ambo, hajui. Mama alikuja kwetu kumwambia jambo moja tu, kwamba mtoto yuko hai. Jioni akaenda kusikiliza kwa jirani darasani. Akasikia sauti yake mwenyewe ikianza na salamu ya amani: "Mwana wangu, amahoro? Niko nasema juu ya mutoto wako. Uko unanisikia?" Kisha kimya kidogo. Kisha sauti ya mwanamume: "Tulimuzika nyuma ya kanisa. Homa ilimushinda. Musiulize tena, Mungu alimutwaa."

Nilijua sauti ile ni ya nani. Ilikuwa ya baba mmoja mfugaji kutoka milima ya juu, aliyekuwa kwenye mikrofoni ya kushoto saa ileile. Alikuwa akiwaambia ndugu zake habari za mtoto wake mwenyewe, aliyefariki njiani wakishuka.

Nilimwona akilini binti yule kambini, katikati ya watu, akisikia mama yake anaanza, anashindwa, na mwanamume wa ukoo anampokea maneno. Ndivyo misiba inavyotangazwa kwetu. Hakuna mtu ambaye angesikia vile akashuku mashine.

Mkurugenzi alifanya lililokuwa mikononi mwake. Alikwenda hewani papo hapo akasema kulikuwa na kosa, mtoto yuko hai, mama amsikie. Alisema mara kadhaa, kwa Kiswahili na kwa Kirundi chake cha shule. Mama wa Runingu alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Asante, papa. Lakini hatakuamini. Banasemaka mengi ku redio. Siku moja balisema tubaki mu manyumba, vita iko mbali. Tulibaki." Akamhamisha mtoto bega moja hadi jingine. "Anipate minye. Sauti yangu, mpaka mwisho."

Mkurugenzi akaamua tufunge mikrofoni ya kushoto. Mtu mmoja tu, sauti moja, itachanganyikana na nini? Sikupenda, lakini sikuwa na neno bora wakati ule. Tukamketisha mama kulia. Nikavaa vipokea sauti masikioni, na kwa mara ya kwanza, badala ya kutazama mashine, nilimtazama mtu anayesema.

"Mwana wangu, amahoro?" alisema. Kisha akanyamaza. Aliinamisha kichwa, akatazama mikrofoni kama unavyomtazama mtu mezani, akangoja.

Mkurugenzi akamfanyia ishara ya mkono: endelea.

Mama alikunja uso. "Weye papa, unasalimiaka muntu na haungoje ajibu?"

"Mama, mwana wako haiko hapa. Haiwezi kujibu."

"Kinywa iko nayo. Atajibu kule, hata kama minye siisikie." Akairudia mikrofoni, akaendelea kuanzia pale alipokuwa ameachia, na masikioni mwangu, badala ya sauti yake, ikaingia kwaya. Kwaya ya parokia! Sauti ya kwanza na ya pili, na ngoma juu, ule wimbo uliokuwa unarushwa hewani dakika ileile. Mama anasema, midomo inacheza, na mimi nasikia aleluya.

Nilicheka. Najua si mahali pa kucheka, na mkurugenzi alinitazama kana kwamba nimepatwa na wazimu. Lakini nilikuwa nimemwona mwizi mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Nilivua vile vya masikioni, nikamshika mama mikono yote miwili, nikamwambia asiende popote.

Kumbe wakati wote ule mimi na mwenzangu tulikuwa tukihesabu kama watoto wa darasa la kwanza, mfululizo, bila kusalimia mtu. Nani husalimia namba? Lakini watu wetu, wa bondeni na wa milimani, wanaosema na ndugu wa mbali hawaanzi na habari. Wanasalimia, na wakishasalimia wanampa mwenzao nafasi ya kujibu. Wanauliza kama wazee ni wazima, wananyamaza. Wanauliza kama mvua imenyesha huko, wananyamaza. Wakubwa ndio hasa, na wenye malezi. Ile pilote ilikuwa inawauma wenye adabu peke yao.

Nilifungua maandishi ya programu, na sasa nilijua pa kutazama. Yule mtu wa mbali aliiandika zamani, kumbukumbu ilipokuwa ghali, kwa hiyo aliipa ubahili. Mikrofoni ikinyamaza kwa kitambo fulani, kipima muda kinaamka, kinaangalia, kinasema huyu amemaliza, kisha kinarudisha ukurasa wake ghalani. Wazo lenyewe si baya. Huko kwao labda mtu akinyamaza amemaliza kweli. Ubaya ni kwamba kuangalia kulikuwa tendo moja, na kurudisha kulikuwa tendo la pili, na kati ya hayo mawili kulikuwa na upenyo.

Prosesa yetu ilikuwa na vichwa viwili, yaani inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja kweli, si kwa zamu. Kichwa cha kwanza kinaangalia: kimya, mwenye ukurasa ameondoka. Kabla hakijaurudisha, kichwa cha pili kinapokea sauti ya mama anayeendelea, kinaushika ukurasa uleule, maana kwa hesabu yake bado ni wake. Cha kwanza, kwa uaminifu wote, kinaurudisha. Ghala linampa yeyote anayeomba, akiwa baba wa milimani au kwaya ya parokia. Sasa wako wawili ndani ya ukurasa mmoja, kila mmoja ana haki yake, na anayeandika mwisho ndiye anayebaki. Anayesema mfululizo hapatikani na hili. Aliyemaliza kabisa naye hapatikani. Anapatikana yule anayenyamaza, kisha anaendelea wakati kipima muda ndio kwanza kinanyanyua mkono.

Nilimweleza mkurugenzi kwa mfano wa benchi la kanisani.

"Siku ya Mungu unainuka ku banc unaenda kukomunika. Muntu anaona nafasi iko wazi, anakaa. Weye unarudia, unakaa palepale bila kuangalia, sababu ni pako. Itakuwa je?"

"Nitamukalia mu magoti." Akafikiri. "Muke wangu anaachaka kitenge yake juu ya banc."

"Voilà. Hii pilote haina kitenge."

Alifurahi sana kuelewa, na kufurahi kwake kukamletea suluhisho la mwalimu. "Basi ni kazi kidogo. Tuambie bantu baseme bila kunyamaza. Salamu, habari, asante, inaisha. Tumurekodi mama sasa hivi."

Sikatai, ilikuwa njia fupi. Mama mwenyewe alikubali kujaribu, kwa ajili ya binti yake. Alivuta pumzi akasema yote kwa mkupuo mmoja: mwana wangu amahoro mutoto wako iko hai iko na minye Uvira mu darasa ya shule anakula muzuri. Mashine haikukosea hata herufi. Nikamchezea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavirudisha vipokea sauti mezani, taratibu.

"Huyu hapana minye," alisema. "Huyu ni mama mwenye banamushikia bunduki. Mwana wangu akisikia ninamusalimia na simungoje, atasema: banamulazimisha kusema, ili nivuke, baniue. Atalia mara mbili."

Na mimi nilipata hasira, hasira nzuri, ya kufanyia kazi. Watu wamepoteza nyumba, ng'ombe, mihogo shambani, na sisi tunawaambia waache na salamu kwa sababu mtu mmoja wa mbali hakuweka kufuli mahali pake! Nilimwambia mkurugenzi kwamba sitamwambia mtu yeyote wa bonde hili aseme haraka. Ni mashine itakayojifunza kungoja.

Alipendekeza tuzime kichwa kimoja cha prosesa. Nilikataa hilo pia, na bado najivuna kwamba nilikataa. Ukizima kichwa kimoja, kile kinachobaki kinafanya kazi kwa kurukaruka, kinaiacha hii katikati kinakamata ile, na upenyo unabaki palepale. Ungetokea mara chache tu, na kosa la mara chache ndilo baya kuliko yote, kwa sababu watu hulizoea. Kufunika shimo kwa mkeka si kulifukia.

Kwanza niliuita ugonjwa uje. Nilikilazimisha kipima muda, kikishaangalia, kizungukezunguke bure kidogo kabla ya kutenda. Upenyo uliokuwa mwembamba kama unywele ukawa mlango wa kanisa. Nikamwomba mama anisaidie. Alisalimia, akangoja, akaendelea, na kila mara ikaingia kwaya, kila mara, bila kukosa. Nilifurahi kama mvuvi aliyeona fungu la ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ugonjwa unaokuja ukiitwa ndio unaotibika.

Kisha nikaanza kutibu. Niliweka kufuli moja juu ya kila ukurasa, na nikaamuru kuangalia na kutenda kuwe tendo moja ndani ya kufuli lile. Kipima muda kishike kufuli kwanza ndipo kiulize kama kuna kimya, na kisiliachie mpaka kimetenda kilichoamua. Sauti inayoingia nayo ishike kufuli lilelile. Halafu kitenge cha mke wa mkurugenzi: kila anayeutumia ukurasa anaongeza hesabu yake juu yake, akiondoka anapunguza, na anayeifikisha sifuri ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuurudisha ghalani. Na ikishafika sifuri, hakuna wa kuiinua tena. Ukichelewa, omba ukurasa mwingine, usifufue wa marehemu.

Nilipowasha, mashine ikasimama tuli. Haikulia, haikuzima, ilisimama tu kama ng'ombe aliyegoma. Mkurugenzi alikuwa na busara ya kutosema neno shetani, lakini niliona linamwasha ulimini. Nilirudi kwenye maandishi, na kosa lilikuwa wazi mno. Njia moja ilikuwa inashika kufuli la ghala kwanza, kisha la ukurasa. Njia nyingine ilishika la ukurasa kwanza, kisha la ghala. Kila kichwa kilikuwa kimeshika moja kinangojea la mwenzake, kama watu wawili wenye heshima mlangoni, wewe tangulia, hapana wewe tangulia, mpaka chakula kipoe. Dawa yake ni kanuni tu: kila mtu aanze na la ghala. Anayeanza na jingine hata kama ana haraka, hana haki. Nikapitia kila mstari kuhakikisha, na nikaongeza jambo la mwisho. Kabla ya kuvunja kikao cha mikrofoni, kipima muda kisimamishwe, na kama tayari kinafanya kazi kwenye kichwa kingine, kingojwe kimalize.

Nikauacha ule mlango wa kanisa wazi makusudi, kipima muda kikizunguka bure kama mwanzo, maana nilitaka kumshinda adui akiwa na nguvu zake zote. Nikarusha kwaya. Nikafungua mikrofoni zote mbili. Kushoto nikamketisha mkurugenzi asome magazeti ya zamani kwa sauti. Kulia mama.

Alisalimia. Akangoja. Akaendelea, na nikamsikia yeye. Akauliza, akangoja, akaendelea, yeye tena. Tulirudia mpaka mtoto akachoka akalala mgongoni, na mkurugenzi akakaukiwa koo, na hakuna neno la mmoja lililoingia kwa mwingine. Sikushangaa. Nilikuwa nimeusoma kila mstari, nilijua ugonjwa hautarudi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kumsikia yule mama akimaliza sentensi yake ni kingine, na nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya nyumba, nikinawa uso kwa maji ya pipa.

Jioni tulirusha salamu zake nzima, pamoja na vimya vyote. Tukarusha tena kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna jibu. Mama alikuja kila asubuhi akaketi barazani na mtoto, haulizi kitu. Mkurugenzi alikuwa akimletea chai. Mimi nilikuwa na uhakika na mashine, lakini njia za Ruzizi sikuwa na uhakika nazo, na hakuna kufuli la kuweka huko.

Siku mpaka ulipofunguliwa kwa wanaotembea kwa miguu, binti alifika. Alikuwa msichana mrefu, amenyolewa kichwa kizima, kama tunavyonyoa kwa msiba. Mama alisimama na mtoto. Mtoto alimtazama mwenye upara yule, akaficha uso shingoni mwa bibi yake, akapiga kelele. Binti hakumlazimisha. Aliketi chini sakafuni, akanyoosha miguu, akangoja mpaka mtoto mwenyewe alipoteremka, akamsogelea, akamgusa kichwa kile kisicho na nywele. Maziwa yalikuwa yamemkaukia. Alituambia hivyo waziwazi, kwa uchungu, kwamba alifunga matiti kwa kitambaa usiku ule aliposikia salamu za kwanza.

Alisema tangazo la mkurugenzi alilisikia, na hakuliamini. Aliposikia salamu ndefu za mama yake, alijibu kwa sauti mbele ya kambi nzima, kila swali mahali pake, ndipo akajua ni mama yake kweli na hajashikiwa kitu.

Halafu aliniuliza, maana waliniita fundi: "Ile sauti ya papa. Alizika nani?"

Nilimwambia. Mtoto wake wa kiume, homa, njiani wakishuka kutoka juu. Wakati ule watu wa bondeni na wale wa milimani walikuwa hawatazamani usoni, na nilifikiri atasema basi, yameisha. Hakusema hivyo. Alimpakata mwanawe, akauliza kama anaweza kusema kwenye mikrofoni. Nikamwashia ile ya kulia. Maneno yake ninayo kichwani kama alivyoyasema:

"Papa wa kule juu, minye na weye hatujuane. Mutoto wako nilimulia. Nilinyoa nywele juu yake, nililala chini juu yake, nilikataa chakula juu yake, sababu nilizani ni wangu. Sasa wangu iko hapa mu mikono. Lakini ile machozi sitairudisha, papa. Ibakie ya mutoto wako."